Kijani Kikiwaka

Mama wa ramani, kwenye ofisi ya malori Butembo, alikuwa na sauti ya kubembeleza, na kidole chake kilifuata kila lori kwenye skrini mpaka ng'ambo ya Beni. Habari ikitumwa, mashine ilihakikisha kwanza imetoka kwenye lori lao, ndipo alama ya kijani ikawaka, naye akaruhusu malori mengine yapite.

Asubuhi moja lori la mbele lilituma kutoka Mbau: njia salama. Kijani kikawaka, akaruhusu. Kumbe dereva alikuwa ameshauawa. Wauaji ndio waliobonyeza kitufe cha kutuma, na lori la pili likawaingia mikononi.

«Système haikukosea, mama,» bosi alimfariji. «Habari ilitoka kwenye kamyo yetu.»

«Kamyo ilikuwa yetu, patron. Mais mutu aliyetuma, hapana.»

Sasa, hata kijani kikiwaka, anampigia dereva simu.

«Zungumuza, papa. Nisikie sauti yako.»