Kondo la Mjukuu wa Kumi

Bibi Klara alikuwa na wajukuu tisa, na kondo la nyuma la kila mmoja alilifukia mwenyewe nyuma ya nyumba yake, katika kata ya Kalangalala. Kwake, lilipo kondo lako ndipo kwenu. Alipozaliwa wa kumi, Dorah wa maabara ya hospitali akamwomba utando mwembamba wa kondo lake. Mama mtoto alishakubali.

"Tunauimarisha kwa dawa usichanike, bibi, tunaotesha juu yake seli za kioo cha jicho, kisha anawekewa mchimbaji wa madini aliyeumizwa jicho na jiwe."

"Mwili wa mjukuu wangu?" alifoka.

"Utando tu. Kondo lenyewe utalizika."

Bibi akalitazama beseni lenye kondo, hasira ikamshuka taratibu.

"Chukua. Ila huyo mchimbaji akishaona, aje anisalimie. Kwao sasa ni kwangu."