Valvu Nne za Baba

Watu wa Majengo waliniita mjuzi wa redio, nami nikavimba kichwa. Familia za Kihindi zilipoanza kuhama Moshi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilizunguka kwao nikikusanya redio kuukuu, zile za valvu. Ukaguzi wangu haukuchukua muda. Nilifungua mgongo, nikanusa kama kuna kitu kimeungua, kisha nikatazama kila valvu, ile chupa ndogo ya kioo. Doa lake la rangi ya fedha likiwa limegeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa.

Redio ya Baba, huko juu mlimani, ilitumia betri kubwa ambayo maduka yalishaacha kuiuza. Ndiyo iliyomletea habari za Uhuru, majirani wamejaa hadi mlangoni. Sasa ilikuwa imenyamaza miaka mingi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Siku moja niliifungua akiwa shambani. Valvu zote nne zilikuwa nzima, tena zilifaa redio niliyokuwa nikiihangaikia chumbani kwangu mjini. Nilijiambia kwamba hii ya Baba haitasema tena. Nikazitia mfukoni, nikafunga mgongo, nikala ndizi nilizopikiwa, nikateremka zangu.

Mwaka uliofuata binamu yetu akamletea betri kutoka Nairobi. Baba alialika wazee wenzake, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapikwa. Akawasha. Haikutoa hata mkwaruzo. Akafungua mgongo mbele ya wageni, akakuta matundu manne matupu.

Alimshuku mdogo wangu, kitinda mimba, maana kwa desturi yetu ndiye anayebaki na wazazi nyumbani. Mdogo wangu alikana. Baba akaacha kula chochote kilichotoka jikoni kwa mdogo wangu. Na mimi, kaka yake mkubwa, mjuzi, nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Baada ya mwezi niliitwa nikashuhudie suluhu. Mdogo wangu alikuja ameshika jani la isale, na kwetu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Aliomba radhi kwa wizi ambao hakuufanya, ili nyumba itulie. Baba akalipokea, kisha akanigeukia.

"Wewe unayezijua hizi, mwanangu, nitafutie nyingine."

Nilimpelekea zile zile. Nikamdanganya kwamba nimezipata kwa fundi mmoja wa Arusha. Redio ikapata moto taratibu, ikasema, na Baba akanibariki mbele ya wote, akaagiza nipewe mbege kabla ya wazee. Mdogo wangu ndiye aliyeniletea kata. Aliishika kwa mikono miwili, akanitazama usoni bila kupepesa.

"Karibu, kaka. Umetusaidia."

Nilijua kwamba anajua. Nikapokea, nikanywa.