Jua la Kuniivisha

Wiki iliyopita muuguzi wa kliniki ya ngozi, msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu, aliniuliza kama nilikaa sana juani nikiwa mtoto. Nilitaka kucheka, lakini nyuzi za mshono kwenye sikio langu la kushoto hazikuniruhusu. Nikamwambia, "Binti, mimi nilipandwa juani." Akaandika "ndiyo" na kuendelea na swali lililofuata.

Hii ni mara ya tatu ninakatwa. Mara ya kwanza walitoa kipande kidogo cha ngozi wakakipeleka maabara. Mara ya pili wakatoa uvimbe wenyewe. Safari hii wameondoa sehemu ya juu ya sikio na kulifunika jeraha kwa ngozi iliyotolewa pajani, na likishapona itafuata mionzi. Nimechoka, rafiki yangu, uchovu ambao usingizi hauugusi. Hata hivyo, ninachokiogopa zaidi si kisu wala mionzi. Ni swali la nyanya yangu, mwenye miaka tisini na kitu, ninayeishi naye hapa mtaani Section 58. Kila siku huitazama bandeji na kuuliza, "Kwani hii kitu ilitoka wapi?" Nami kila siku humjibu kwamba hata madaktari hawajui. Wanajua. Nami ninajua.

Nilizaliwa na ualbino, nikalelewa na nyanya huyu kule Molo, enzi ambazo pareto ilifunika miteremko kwa maua yake meupe, hata mtu wa mbali akadhani mvua ya mawe imekataa kuyeyuka. Asubuhi za kule zilikuwa na baridi ya kuumiza meno. Ukungu ulilala mashambani hadi saa nne, na wanawake walichuma wakiwa wamejifunga leso juu ya sweta, vikapu vikining'inia viunoni, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Jua lilipotokea, mistari yote ilisimama. Watu waligeuza migongo, wakafumba macho, wakaota jua kama wengine wanavyoota moto. Nadhani hakuna kitu tulichokipenda zaidi. "Jua la huku halichomi," watu wazima walisema, na kwa kuwa halikumtoa mtu jasho, nani angebisha?

Nilipokuwa mdogo mno kuchuma, nyanya alinikalisha juu ya gunia mwisho wa mstari. Alinipaka jeli hadi nikang'aa, akanielekeza juani, kisha kila alipomaliza kikapu alikuja kunigeuza: uso, shavu hili, shavu lile, mgongo. Alinigeuza kwa uangalifu uleule aliotumia kugeuza viazi kwenye majivu ya moto wa saa sita. Aliamini, bila shaka yoyote, kwamba watoto wengine walitoka tumboni wakiwa tayari, nami nilihitaji muda kidogo zaidi.

Jirani yetu, mwanamke mwenye kicheko kilichovuka mashamba mawili, hakuacha kumtania. "Huyu ulimtoa kwa sufuria mapema."

"Wacha tu," nyanya alimjibu bila kuinua kichwa. "Ataiva."

Neno hilo likawa langu. Nilikuwa na miaka saba hivi madoa ya kahawia yalipoanza kujitokeza mashavuni na mikononi. Nyanya alinishika kidevu, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akanipeleka mstari kwa mstari kama mtu anayeonyesha ndama mpya. "Si niliwaambia? Ameanza kuiva." Siku hiyo alinikaangia yai, mimi peke yangu, nikalila na chai ya chupa iliyonukia moshi na pareto, harufu ile kali iliyotupigisha chafya msimu mzima. Shuleni watoto waliniita mzungu na kuniomba peremende. Kila doa lilikuwa hatua moja ya kuwakaribia. Niliyakagua kila asubuhi, nikisubiri yaungane.

Masikio yalipobambuka kama maganda ya kitunguu, tulifurahi. Nyanya alisema ngozi ya zamani inatoka. Mwalimu wa zamu aliponivua boshori, kofia yangu ya sufu, gwarideni, kwa kuwa haikuwa sehemu ya sare, sikuhuzunika hata kidogo. Niliona amenisaidia.

Sasa, katika umri huu na shahada yangu, nafundishwa upya kuvaa nguo. Kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, mwavuli, mafuta ya kuzuia jua kila baada ya saa mbili. Muuguzi yule alinitazama nikijipaka kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. "Mathe, hiyo si pafyumu. Paka kama rangi ya ukuta. Na masikio, hapo ndipo huwa mnasahau." Nilimuuliza kuhusu siku za ukungu. Akasema jua hupenya hata ukungu, na baridi humdanganya mtu tu. Nilikaa na maneno hayo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumapili asubuhi nyanya alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, akiota jua, kama alivyofanya kila asubuhi tangu nimjue. Mimi nilikuwa ndani, hatua chache nyuma ya kizingiti. Akauliza tena. Sikuwa na nguvu za kudanganya.

"Ni jua, Shosho."

"Jua gani?"

"Lile la pareto."

Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Ni mimi nilikuwa nakugeuza," akasema.

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini ni mimi."

Kisha akainuka bila kuniita, akakikokota kile kiti hadi kwenye kivuli cha ukuta, upande wenye upepo. Nilimfuata nikimweleza kwamba ngozi yake si kama yangu, kwamba jua la asubuhi halimdhuru, arudi akaote.

"Niote na nani?" akauliza.

Miteremko ile ya Molo sasa ni viazi na nyumba za mabati, na wengi wa wanawake waliosimama pamoja kungoja joto wamezikwa huko huko. Nilidhani nilikuwa nimekwisha kuyazoea yaliyopotea. Leo asubuhi nimemletea blanketi la pili na kumfunika hadi kidevuni, nikaketi kando yake kivulini. Miguu yake ni baridi. Jua liko hatua tatu kutoka tulipo, limejaa mlangoni, na hakuna kati yetu anayelitazama.