Kigoda cha Babu

Juzi, hapa Kamunyonge, nilikuwa jikoni nakaanga dagaa. Binti yangu, aliyekuwa sebuleni, akabonyeza kwenye simu sauti ya zamani ya marehemu mama yangu: "Nipo njiani, niwekeeni chakula."

Nikakumbuka alasiri moja kule Butiama, nilipokuwa mtoto. Babu alikuwa amezikwa siku chache tu, na ng'ombe wake, waliozoea kuitwa naye, walikuwa wamegoma kuingia zizini. Baba mdogo akakumbuka kwamba aliwahi kumrekodi babu akiwaita. Akaweka kaseti kwenye redio, akaitua redio juu ya jiwe, akabonyeza.

Kwanza kilisikika kikohozi cha babu, kisha ule mwito wake mrefu. Ng'ombe wakainua vichwa, wakaja mbio na vumbi lao. Basi nikajua babu amerudi. Nilikimbia ndani nikatoa kigoda chake, nikakipangusa kwa gauni langu, nikakiweka kando ya zizi.

Mkanda uliisha. Ng'ombe wakabaki wameizunguka redio, kimya, wakisubiri. Bibi alipokiona kile kigoda, alivua kitenge mabegani akaifunika redio.

"Usiiwashe tena," alimwambia baba mdogo. "Ng'ombe hawanaga kosa, unawadanganyia nini?"

Nilimchukia bibi kwa muda mrefu, nikidhani amemfukuza babu.

Sasa mimi ni mtu mzima, najua mkanda ni mkanda tu. Lakini juzi, binti yangu alipoingia jikoni, alinikuta nimeshapakua sahani ya bibi yake.