Feni Iliyochoma Kakao ya Mama

Wenzangu, hata kanisani siendi tena. Nilimtengenezea mama, hapa Makwale, mashine ya kukaushia kakao inayojiongoza yenyewe: joto likishuka feni inapuliza mkaa, likipanda inanyamaza. Nilipoijaribu peke yangu ilitulia. Siku ya kuionyesha tukajaza mavuno yote. Majirani wakafanya kama desturi yetu: kila anayefika afungue mlango, achote kiganja, anuse. Kila walipofungua, joto liliporomoka ghafla, feni ikapuliza kama imepagawa. Walipofunga, ndani kukawa tanuri. Nami, fundi wa kujisifu, nikazidi kuwahimiza, “Fungueni, msiogope!” Moshi ukatoka. Mama akatafuna punje moja nyeusi. “Ndaga fijo, asante mwanangu,” akasema, akaanza kukunja magunia matupu aliyoyaandaa kutilia kakao ya kuuza.