Mluzi Kando ya Mfereji

Tangu amri ya kuzuia maambukizi itoke na saluni zote zifungwe, Kinyozi alibaki na mtu mmoja tu wa kumpigia domo: mama yake. Waliishi wawili, vyumba viwili na ua wa nyuma. Mapafu ya mama yalikuwa ya kubembelezwa. Akipanda ngazi za mlangoni tu, anashika ukuta. Daktari alishamwambia Kinyozi bila kuzunguka, "Ugonjwa huu ukimfikia huyu, hatutamrudisha."

Basi Kinyozi akageuka askari. Ndoo na sabuni mlangoni, vitasa vinapanguswa kutwa, mgeni anasalimia akiwa huko huko nje ya geti kama mdai.

Starehe iliyobaki ilikuwa matembezi ya asubuhi kando ya mfereji, nyuma ya maghala. Watu walipofungiwa ndani, wanyama walitoka. Nguchiro walivuka barabara kwa mstari kama wanafunzi waliochelewa. Kenge alijianika pale yalipokuwa yakiegeshwa malori, katulia kama mwenye hati ya kiwanja. Na kichakani alikuwepo ndege kurumbiza, kifua cha rangi ya chungwa, fundi wa kuiga sauti za wenzake.

Huyo ndiye ambaye mama alimpenda. Alishusha barakoa akampigia mluzi, sauti tatu, ya mwisho ikipanda: mluzi ule ule aliomwitia mwanawe chakula cha jioni zamani.

"Mama, pandisha barakoa."

"Kwani hapa yuko nani? Nitamwambukiza ndege?"

"Pandisha, mama."

"Nimekufunga nepi mimi, leo wewe unanifunga mdomo!" Akapandisha. "Na huyu ndege hajibu. Kiburi kama chako. Ulikuwa unapiga kelele 'Naja, mama!' halafu huji, mpaka niite tena."

Mambo yaliharibikia kwenye kichwa cha jirani. Fundi bomba huyo alijinyoa mwenyewe mbele ya kioo, akatokeza juu ya ukuta na kichwa kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikaisha na usingizi ukakatika. Mtaa mzima ulijua yule hunyolewa kwake.

"Wewe unanitangaza vibaya," akamwambia. "Njoo uani. Na barakoa yako."

Alifanya yote sawasawa. Kiti nje, mashine imepanguswa kwa spiriti, mama kafungiwa chumbani. Kazi ikaenda vizuri mpaka masikioni. Kamba za barakoa zinapita pale pale wembe unapotakiwa kupita, na Kinyozi hajawahi kumwachia mtu kichwa nusu.

"Vua kidogo, nimalizie."

Fundi bomba akavua. Kinyozi akamalizia, na kwa mazoea ya kazi akashusha na yake, akainama, akapuliza nywele shingoni. Fundi bomba akakohoa, akacheka. "Unanitekenya, bwana!"

Fundi bomba aliumwa, akapona. Kinyozi alipata homa ya kitoto, na chai ikakosa harufu. Mama ndiye aliyekuja kuchukuliwa na gari la wagonjwa, amekalishwa kwa sababu akilala hapati pumzi.

Kinyozi alisimama mbali, kama alivyoamriwa.

"Yule jirani," mama akasema, akivuta hewa kati ya neno na neno. "Alitoka vizuri?"

Kumbe alijua kuhusu kunyoa kule. Dirisha la chumba chake lilitazama uani.

"Alitoka vizuri, mama."

"Haya. Afadhali."

Hawakuonana tena. Walimzika watu waliovaa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima, na Kinyozi, akiwa karantini, aliona kwa simu. Picha iliganda jeneza likiwa bado juu. Kwake yeye, halijashuka mpaka leo.

Alipoachiwa, hakwenda saluni, ingawa zilishafunguliwa. Alikwenda mferejini. Malori yamerudi, kenge hayupo. Alisimama penye kichaka, barakoa imefika mpaka chini ya macho, hakuna mtu mbele wala nyuma.

Kichaka kikapiga mluzi. Sauti tatu, ya mwisho ikipanda.

Kinyozi alishika ukuta wa ghala. Alitaka kujibu kwa mluzi, midomo ikakataa.

"Naja, mama," akasema ndani ya kitambaa.

Alikuwa amesimama pale pale. Ndege akaita tena.