Alisali ili apimwe sauti, akaisikia sala yake kwenye gari la sabuni

Jumanne, tarehe 11 Machi. Manyunyu yalianza kabla ya kupambazuka na hayajakatika. Mawingu yamekaa chini, na wapita njia wanatembea mikono mifukoni.

Saa mbili na nusu asubuhi, katika studio iliyo nyuma ya duka la rangi, mwanamke wa miaka arobaini na saba anavua viatu vyenye tope, anavaa hedifoni na kusimama mbele ya maikrofoni. Kuta zimebandikwa sponji na maboksi ya mayai. Fundi mitambo amekaa upande wa pili wa kioo.

"Haya mama, sema chochote nikupime," anasema fundi.

"Moja. Mbili. Tatu."

Fundi anainamisha kichwa. Katika miaka kumi na tisa waliyofanya kazi pamoja, mama huyu hakuwahi kuhesabu. Alikuwa akisali.

Wanamuziki humwita Sauti ya Pili. Kazi yake ni kuitikia. Ukisikia wimbo ambao nyuma ya mwimbaji kuna sauti ya kike inayombeba pale pumzi inapomwishia, huenda ni yeye. Jina lake haliandikwi popote. Hulipwa kwa wimbo, si kwa siku. Wiki nzuri huwa na nyimbo sita, wiki mbaya haina hata mmoja. Asubuhi anaweza kuitikia kwaya, na mchana akamwitikia kijana anayesifia kiuno cha mtu.

"Kuna wanaoniita kanzu ya kukodi," anasema na kucheka. "Nawajibu, fundi bomba anatengeneza bomba la kanisani, akitoka hapo anatengeneza la baa. Mbona yeye hamumsemi?"

Kabla ya kurekodi, fundi hupima sauti ya mwimbaji ili mitambo isipasue masikio. Wengi husema "helo, helo". Sauti ya Pili alisali, kwa sababu, anasema, akisema helo sauti hutokea kooni, akisali hutoka inakokaa. Fundi alizoea. Ikafika mahali akawa anamwambia, "Mama, hebu sali nirekebishe mitambo."

Mama alichokuwa hajui ni kwamba mitambo ilirekodi tangu anavaa hedifoni. Fundi hakufuta kitu. Sala zote alizihifadhi kwenye kompyuta, katika faili aliloliandika "Za kupimia".

Miaka miwili iliyopita mama aliingia studio siku moja kabla binti yake wa pekee hajapasuliwa uvimbe nyuma ya sikio. Alikuja kwa sababu kukaa nyumbani kulimshinda. Akasimama mahali pale pale, akafumba macho, akasali. Kisha akaitikia wimbo wa harusi, akaenda zake hospitali. Binti alipona. Leo ana miaka ishirini na anajifunza ushonaji.

Mwezi Januari mwaka huu, mama alikuwa gengeni akichagua vitunguu. Likapita gari la matangazo ya sabuni ya kufulia, spika mbili juu, muziki umefunguliwa hadi mwisho. Kabla ya ngoma kuanza ilisikika sauti ya mwanamke: "Mkono wake ukitetemeka, ushike wewe. Ushike wewe." Kisha ngoma. Wasichana wawili waliokuwa wakisubiri chenji wakanyoosha mkono mmoja, wakautetemesha, wakaudaka kwa mkono wa pili. Ndiyo staili ya wimbo huo. Nchi nzima inaijua.

"Sauti walikuwa wameipandisha kidogo, lakini mtu hapotezi sauti yake," anasema. "Nilisikia hadi pale nilipovuta kamasi. Nikajikuta nyumbani na kitunguu mkononi. Sikukilipia, sikukumbuka hata njia niliyopita. Kesho yake nilikirudisha, muuza genge akaniuliza, mama, unaumwa?"

Mwenye wimbo ni msanii ambaye mashabiki humwita Kimbunga, kijana wa miaka ishirini na minane anayejaza viwanja. Alifika studio kutafuta kitu cha kufungulia wimbo. Fundi akampigia faili lile.

"Nilimwambia hizi ni za kupimia tu," anakiri fundi. "Kwangu ilikuwa kama kugonga meza. Naapa sikuwahi kusikiliza maneno. Nilikuwa naangalia taa za mitambo zinavyopanda na kushuka."

Kwa miaka kumi na tisa mtu alisali sikioni mwake, naye akaangalia taa. Niliyaandika maneno yake neno kwa neno kwenye daftari langu la habari.

Kanisani habari zilifika haraka. Mwalimu wa kwaya, mzee mpole aliyemfundisha mama huyu kuimba akiwa msichana, alimwomba akae benchi, asiimbe na kwaya, mpaka jambo lieleweke. Baadhi ya waumini walimuuliza ameiuza sala kwa bei gani.

"Niliwaambia, ndugu zangu, hata ningepata mnunuzi, hiyo bei ningeitoa wapi?"

Hilo analisema kwa mzaha. Linalofuata analisema taratibu, akiangalia sakafu. Tangu siku ya gengeni hawezi kusali kwa sauti. Chakula kikiwekwa mezani, binti ndiye anayeshukuru. Akifungua mdomo, anasikia ngoma inataka kuingia.

"Najiuliza, nani mwingine ananisikiliza? Itatokea wapi kesho?"

Ndiyo maana leo ameomba wote waje. Anataka jambo moja: sala yake itolewe kwenye wimbo. Mwalimu wa kwaya amekuja na mwavuli uliovunjika mbavu moja. Binti amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kimbunga anaingia wa mwisho, peke yake, kofia ya koti imelowa.

"Shikamoo mama. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," anajibu mwalimu. "Kumbe ni mfupi hivi! Kwenye mabango anafika ghorofa ya tatu."

Wanacheka kidogo, kisha kicheko kinaisha chenyewe.

Sauti ya Pili anamwambia fundi apige sala yote, tangu mwanzo, bila ngoma. Fundi anasita, anabonyeza. Sauti inajaza chumba:

"Baba, kesho wanampasua mwanangu. Nimemdanganya kwamba ni kitu kidogo. Daktari ameniambia anaweza asiamke. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe. Mkono wake ukitetemeka, ushike wewe. Ushike wewe."

Binti anasimama. Hakuyajua hayo. Alijua alitolewa uvimbe mdogo, akala uji siku ya pili, yakaisha.

"Mama, niliucheza huu wimbo," anasema. "Kwenye sherehe ya rafiki yangu. Niliucheza mara tatu, wakanipigia makofi."

Mama anamvuta, anamkalisha karibu naye kama mtoto wa miaka mitano. Mwalimu wa kwaya amevua miwani na anaifuta, ingawa haina kitu.

Kimbunga ndiye anayeanza kusema, na anajitetea. "Mama, sisi wote tumetoka kwaya au madrasa. Ukiondoa Mungu kwenye muziki wetu tunabaki na spika. Niliposikia ile sauti nililia. Kweli nililia."

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikaweka ngoma."

"Sikatai Mungu kutajwa kwenye dansi," anasema mama. "Nimeitikia nyimbo hizo miaka yote, na nyingine zimenijenga. Lakini wewe ulikuwa hata hujui naomba nini. Huyu fundi hapa alikuwa anapima. Wewe ulikuwa unatafuta mwanzo wa wimbo. Mimi nilikuwa namwombea mtu asife."

Kimbunga anakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Anasema atatoa sala hiyo kote anakoweza na hataipiga tena jukwaani. Kampuni ya sabuni ataipigia simu mwenyewe. Lakini anasema ukweli mwingine pia: wimbo umeshaingia kwenye simu za watu, hawezi kwenda kuufuta simu moja moja.

"Najua," anasema mama.

Fundi anageuza kompyuta ili wote waone, anafungua lile faili. Kuna sala mia mbili na kumi na nne. Anamuuliza mama azifute au ampe. Mama anafikiri, kisha anasema, "Futa. Aliyeambiwa alishasikia." Fundi anafuta, moja baada ya nyingine, na inachukua muda, kwa sababu mama amekataa zifutwe kwa mkupuo.

Mwalimu wa kwaya anamwambia nafasi yake iko wazi Jumapili. Kimbunga anapiga magoti, anaomba msamaha.

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini sitakudanganya mbele ya watu hawa. Kusamehe bado." Kisha anamuuliza, "Nyumbani wanakuitaje?"

Kijana anataja jina lake kwa sauti ndogo. Ameomba lisiandikwe gazetini, nami nimekubali.

Sauti ya Pili anasimama, anawageukia mwalimu, fundi na binti yake, anawaambia wasikilize wote.

"Ninaahidi mbele yenu. Kuanzia leo jioni nitamtaja kijana huyu kwa Mungu, kwa jina hilo la nyumbani kwao, kwa sauti, kila siku. Leo nitamtaja kwa hasira, na kesho pia. Sitaacha mpaka siku nitakayomtaja hasira imeisha."